Watu Saba wa Kumsikiliza Odane

Pisgah Rise,
21 Januari 2018

Odane mwanangu,

Salamu zangu zikukute mzima na umekula. Sisi huku Mungu anatutunza, ila goti langu la kushoto linatangaza mvua kabla ya redio. Mwanao Renique hajambo. Amejua kuandika herufi R, basi ameiandika ukutani, kwenye mlango wa jikoni na kwenye gauni langu jeupe la kanisani. Nilimgombeza kwa ukuta na gauni, mlango nikamwachia. Mshelisheli wa uani umezaa mpaka tunabembeleza watu waje kuchuma.

Sasa la mahakama. Najua ulikaa selo ya chini siku nzima ukingoja kupandishwa, ukaishia kurudishwa kwenye karandinga bila kuambiwa neno. Acha nikuambie mimi. Jaji alikuwepo. Mwendesha mashtaka alikuwepo. Wakili wako Bi. Henriques alikuwepo, tena na viatu vipya. Waliokosekana ni juri. Polisi waligawa samansi hamsini na kitu za kuwaita, wakaja watu wanne. Wanne, Odane! Na mmoja wao alikuja kuomba ruhusa arudi kwake. Wewe unahitaji saba, watu wa kawaida tu, wakae pale wasikilize, waseme ulimuua Garnet Pusey au hukumuua. Jaji akatupa kalamu mezani, akasogeza kesi zote za juri mpaka kikao cha baada ya Pasaka. Unazeeka rumande kwa kukosa watu watatu.

Nikamfuata Konstebo Facey, ndiye anayepeleka samansi huku milimani. Nikamuuliza, kwani unazipeleka kwa majini? Akacheka kwa uchungu. Alisema alifika kwa Lascelles fundi viatu, na Lascelles mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. "Lascelles? Maskini, tulimzika Desemba." Konstebo akamuuliza, "Na wewe nani?" "Mimi pacha wake." Pacha gani! Nilimfundisha Lascelles darasa la tatu, na kichwa kile Mungu alikiumba mara moja tu akaona inatosha.

Wanaogopa, mwanangu. Huyu anaogopa kukatwa siku ya kazi, huyu anaogopa ndugu wa mshtakiwa, yule anaogopa ndugu wa marehemu. Wengi wanasema hawataki kuhukumu mtoto wa mtu. Basi mtoto wa mtu anaoza ndani, wao mikono yao safi.

Wakubwa nimewakatia tamaa. Nitaanza na vijana. Mkuu wa sekondari nilimfundisha mimi, na nimemwambia anipe kipindi cha Ijumaa kwa wale waliotimiza miaka kumi na minane, pamoja na vijana wa kanisa. Hakupata nafasi ya kukataa.

Ushahidi wao ni wa kuungaunga. Mlevi mmoja, kwenye matanga ya watu, usiku wa tisa wa msiba, kibatari kimoja, watu wanne wanagombana kwenye dhumna, panga likapita, na yeye anasema aliona mkono wako. Mkalishe mlevi huyo mbele ya watu saba wenye akili timamu uone. Hao saba tu ndio ninaowatafuta.

Kula unachopewa, usigombane na mtu.

Shangazi yako,
Icilda Tulloch


Rumande, Kingston,
26 Februari 2018

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ya Januari nimeipata jana. Naona imesomwa na wengi kabla yangu, maana imekuja na doa la chai na kipande kimechanika. Kama ulinitumia busu la Renique, basi nadhani wamelichukua askari. Mwambie mwanangu aniandikie hiyo R kwenye karatasi, nami nipate ukuta wangu wa kubandika.

Mimi mzima. Kikohozi kidogo, ni vumbi tu. Tunalala kwa zamu, mimi zamu yangu ni nzuri, naipata sakafu ya karibu na dirisha. Kuna mzee hapa tunamwita Blacka, ananifundisha kushona vifungo. Alianza kungoja juri wakati mimi bado nafunga vigae kwenye hoteli za watu. Anasema juri ni kama wanaume wa kanisani siku ya kujenga uzio: wote wameahidi kuja.

Shangazi, kuhusu hao vijana, usijichoshe. Vijana wa Pisgah Rise nawajua, nilikuwa mmoja wao. Akiona suruali ya polisi yenye mshono mwekundu inapanda kilima, huyoo, yuko kwenye migomba. Hakimbii kwa sababu ana kosa. Miguu ndiyo imezoea.

Bi. Henriques alikuja kuniona. Aliniambia jambo. Nitakueleza siku nyingine, si la kwenye barua inayonywewa chai.

Wako,
Odane


Pisgah Rise,
24 Machi 2018

Odane mwanangu,

Marahaba. Hiyo hapo R, ameandika tatu ili wakichukua moja ubaki nazo. Kikohozi hicho mwambie mganga wa gereza, usiniletee habari za vumbi. Mimi nilimlea baba yako na kifua chake, najua vumbi na najua kifua.

Nimeanza! Ijumaa ya kwanza walikuja sita, na watatu kati yao walidhani nagawa bani, ile mikate mitamu ya Pasaka. Ijumaa ya pili nikazileta kweli, bani na jibini, na darasa likajaa mpaka wengine wakasimama dirishani. Kumbe hata haki inataka jibini.

Nikawauliza, "Nani hapa yuko tayari kukaa juri?" Kijana mmoja mrefu wa nyuma, Tajay, akasema, "Ticha, mimi sihukumu mtu. Mimi mtu wa amani."

"Amani yako nimeiona tangu niingie," nikamwambia, "umeilalia kwenye dawati."

Wakacheka. Mwingine akauliza, "Ticha, ukimfunga mtu, ndugu zake wakakungoja njiani, je?" Hapo hakucheka mtu. Sikumdanganya. Nilimwambia woga huo hata mimi ninao. Kisha nikamuuliza, "Siku ukikamatwa wewe kwa jambo ambalo hukulifanya, unataka nani akusikilize? Jaji peke yake na usingizi wake wa mchana? Au watu saba wanaojua bei ya unga na wanaojua mlevi anavyoona gizani?" Akala bani yake polepole.

Ndipo akasimama binti mmoja, Jodian, ana miaka kumi na tisa, anafanya kazi duka la dawa. Akasema, "Ticha, na nikisikiliza yote, nikaona huyo mtu kweli alifanya?" Darasa zima linajua mimi ni nani kwako. Nilishika ukingo wa meza. Nikamwambia, "Basi utasema ana hatia, binti yangu, utarudi nyumbani utakula." Jibu hilo liliniuma, Odane, lakini sikuwa na jingine la kumpa.

Niliwafundisha kiapo. Niliwafundisha kwamba jaji akikuuliza, unasema kweli yote, hata kama inakuunguza mwenyewe. Na sasa kila Jumamosi tunazunguka na Konstebo Facey nyumba kwa nyumba, vijana mbele, yeye nyuma na samansi zake. Lascelles amefufuka! Alipotaka kuanza habari za pacha, Jodian akamwambia, "Mzee, tumekuja kwenye matanga yako, chai iko wapi?" Mzee akaona haya, akaipokea.

Kumi na moja wameahidi kufika, wote wa huku kwetu. Jina la Jodian nalo limetoka kwenye samansi, na la Tajay. Kumi na moja, mwanangu! Nimeanza kupaka rangi chumba chako.

Shangazi yako,
Icilda


Pisgah Rise,
15 Aprili 2018

Odane,

Salamu. Huku mvua imeshika. Barabara ya bondeni imekatika, watu wanazungukia kanisani. Mbuzi wa jirani ameingia kwenye viazi vyangu, nimemrudisha, ameingia tena. Renique alikuwa na homa, imeisha, sasa anakula kama fundi.

Mahakamani watu hawakutosha. Wamesogeza mpaka Septemba. Nilitaka kushuka selo nikuone, askari akakataa. Nilimpa bani akufikishie, nafikiri kaila.

Tumwachie Mungu. Kula vizuri.

Shangazi


Rumande, Kingston,
10 Juni 2018

Shangazi, shikamoo.

Mimi mzima. Samahani kwa mwandiko, naandika nimesimama.

Bi. Henriques alikuja wiki iliyopita. Nikamwambia watu wa kwetu ni bure kabisa, hata Pasaka hawakutosha. Akanitazama. "Nani kakwambia? Walikuja wengi."

Walikuja, Shangazi. Mimi niko pale chini, nasikia viti vinasogezwa juu ya kichwa changu, najiambia ni karani anafagia. Kumbe ni watu. Nimekaa wiki na wiki nikiwatukana majirani zangu mmoja mmoja kwa jina. Nimemtukana Lascelles mpaka nikaishiwa, na mzee wa watu alivaa viatu akaja.

Nilimuuliza Bi. Henriques kwa nini basi waliahirisha. Akasema, "Muulize shangazi yako."

Basi nakuuliza. Sitaki mvua, sitaki mbuzi. Niambie ilikuwaje. Na ukishaniambia, nijibu na hili: ungekaa nyumbani na goti lako, si ningekuwa nimeshasikilizwa?

Odane


Pisgah Rise,
1 Julai 2018

Odane mwanangu,

Renique hajambo. Hilo lazima nilitaje hata kama umekasirika. Umesema hutaki mvua, basi sikuletei mvua.

Siku ile walikuja kumi na moja wetu, na wawili wa mjini. Wamevaa, wamechana nywele. Mimi nimekaa benchi ya nyuma nimejaa kiburi kama mama wa bwana harusi. Jaji aliwashukuru, akasema hajaona benchi hizo zikiwa na watu kwa muda mrefu. Kisha akauliza lile wanalouliza daima. "Kabla hatujaendelea, yuko anayemjua mshtakiwa Odane Tulloch, au mtu wa familia yake?"

Jodian alikuwa wa kwanza kuinua mkono. "Mimi, Mheshimiwa. Shangazi yake ndiye aliyetufundisha." Tajay akainua. Lascelles akainua, "Mimi alinifundisha darasa la tatu." Kisha wengine, mkono mmoja mmoja, mpaka wote kumi na moja wakawa juu. Watu wakaanza kucheka. Mwendesha mashtaka akamuuliza Lascelles nani aliyemleta mjini asubuhi ile. Akajibu kwa fahari, "Miss Tulloch mwenyewe, na kifungua kinywa akanipa!"

Wakabaki wale wawili wa mjini. Jaji akaniita mbele. Akaniambia nikionekana tena na mtu mwenye samansi, mimi ndiye nitakayefungwa, kwa kuvuruga juri. Mimi, Odane! Nilisimama pale kama mtoto aliyejikojolea mbele ya darasa.

Kanuni niliijua. Niliiandika ubaoni kwa mkono wangu, kwamba anayekaa juri asiwe mtu wa mshtakiwa. Lakini huku kwetu kila mtu ni wa mtu, na mimi nilikwenda kuokota watu mlangoni kwangu. Nilikuwa nakutafuta wewe tu. Nilikutafuta mpaka nikapofuka.

Swali lako nalijibu. Ndiyo, ningekaa nyumbani pengine ungeshasikilizwa. Au laiti watano tu kati yao wangenyamaza, pamoja na wale wawili wa mjini wangetimia saba. Hakunyamaza hata mmoja. Niliwaambia waseme kweli hata ikiwaunguza, wakasema, ikakuunguza wewe. Sikukwambia kwa sababu sikuwa na mdomo wa kusemea.

Nimeacha. Jaji amenikataza na nimeacha. Nijibu, mwanangu. Hata nitukane, lakini jibu.

Shangazi yako,
Icilda


Rumande, Kingston,
2 Septemba 2018

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Haikuwa hasira, hasira iliisha siku niliyoisoma barua yako. Nilikuwa nimelazwa. Ni kifua. Ulijua, nami nilijua kwamba unajua, na sikutaka kukupa ushindi huo. Sasa natembea.

Blacka amekufa. Aliamka asubuhi akaomba maji, akayanywa, akaniambia nimalizie kifungo cha shati lake. Ndiyo hivyo. Wiki iliyofuata askari akaja mlangoni akaita jina lake kwa sauti, ajiandae kwenda mahakamani. Hakuna aliyejibu. Akaita tena.

Lile jambo aliloniambia Bi. Henriques Februari ni hili. Nikisema nina hatia, si ya kuua kwa kukusudia, ile nyingine ya bila kukusudia, watanipa miaka, watatoa niliyokwisha kukaa, na itakayobaki inabebeka. Nilimkatalia. Nilimwambia mimi sikumgusa Garnet Pusey, sitasema nilimgusa. Nikalala vizuri usiku ule, Shangazi, kwa zamu yangu.

Sasa nimekubali. Tarehe kumi nitapandishwa, nitasema. Sikumuua, wewe unajua, Mungu anajua, na yule aliyeshika panga anajua. Lakini hao watu saba nimewangoja vya kutosha. Hawaji. Sisemi kwa ubaya, hawaji tu, na mimi sitaki niitwe jina siku nikiwa sipo. Nikisema hivyo nitamkuta Renique bado mtoto.

Usije mahakamani, nakuomba. Sitaweza kulitamka ukiwa unanitazama. Na siku atakapouliza, utamwambia wewe, maana mimi sijui neno la kuanzia.

Wako,
Odane


Pisgah Rise,
4 Septemba 2018

(Barua hii ilirudi Pisgah Rise mwezi wa Oktoba, haijafunguliwa. Juu yake mtu ameandika: Amehamishwa.)

Odane mwanangu, mwanangu,

Shikilia! Kabla ya salamu, shikilia. Usikubali lolote watakalokuletea mpaka tarehe kumi.

Haya, salamu. Wote wazima. Sasa sikia. Baada ya yale ya Aprili, Jodian alikuja nyumbani. Nilikuwa nimelala kitandani mchana, mimi niliyekuwa nawasema wanaolala mchana. Akasimama mlangoni, "Ticha, jaji kakukataza wewe. Mimi hakunikataza." Nikamwambia aache, tumeshaharibu. Akasema, "Tuliharibu kwa sababu tulikwenda kwa ajili ya Odane. Mimi naenda kwa ajili ya hizo benchi."

Akaenda kwa msajili wa mahakama peke yake, akamuomba ruhusa. Yule bwana kumbe naye amechoka kuahirisha kesi, akampa barua ya kwenda shule yoyote ya wilaya. Jodian akachagua Mullet Bight, kule pwani, mwisho wa barabara, watu wa chumvi na uvuvi wa kamba, hakuna hata mmoja anayejua kama kuna Tulloch duniani. Miezi mitatu kila Jumamosi, yeye na Tajay, hata yule mtu wa amani! Jina lako hawakulitaja kwa yeyote. Wamefundisha vijana, vijana wamewafundisha mama zao, na konstebo wa kule anasema watu wanamkimbilia kuuliza kama jina lao limetoka.

Mimi sijakanyaga huko. Sijaongea na mtu. Haya yote nasimuliwa jikoni, na hata kusimuliwa nasimuliwa robo.

Watakuja thelathini na zaidi, Odane, na kanisa lao limewapa lori. Thelathini! Hata jaji akiwatoa ishirini unabaki na watu wako saba na akiba. Mimi sitakuwepo, nimekatazwa kukaribia, nitakaa hapa nimeshika goti. Lakini ukipanda ngazi ile ukaona watu usiowajua, usiogope. Hao ndio wamekuja kukusikiliza.

Hujanijibu tangu Juni. Sidai. Utanijibu kwa mdomo.

Shangazi yako,
Icilda


Gerezani, Kingston,
14 Oktoba 2018

Shangazi, shikamoo.

Wamenihamisha siku ileile, kutoka mahakamani mpaka gereza lenyewe, hata vitu vyangu vya rumande sikuvichukua. Zile R za Renique zimebaki ukutani kule. Ila huku kuna kitanda. Mfungwa anapewa kitanda, anayengoja kusikilizwa analala chini. Na mganga amenipa dawa za kifua, za kweli. Imebaki miaka mitatu na kidogo. Natumaini barua yangu ya Septemba ilikufikia kabla hujasikia kwa watu.

Nataka kukuuliza kitu, maana kinaninyima usingizi na kitanda ninacho.

Siku ile nilijiandaa kukuta ukumbi mtupu. Niliutaka mtupu. Bi. Henriques alikuwa mgonjwa, akatuma kijana mmoja ambaye hata jina langu alilisoma kwenye jalada. Nikapandishwa ngazi, nikatokeza kizimbani, lo! Pamejaa. Benchi zote za kulia watu wamebanana, wengine wamesimama ukutani, vijana kwa wazee, wamevaa za kanisani. Hakuna sura hata moja ninayoijua. Na wote wananitazama mimi.

Nikajua hapo hapo. Ukoo mzima wa Pusey umekuja, na wa ng'ambo wamepanda ndege, wamekuja kuniona nikimalizwa. Yule kijana akaniinamia akasema kitu sikioni, sikumsikia, damu ilikuwa inanivuma. Karani akaanza kuuliza, nami nikajibu kabla hajafika mwisho wa swali. Nina hatia. Nilitaka tu warudi kwao na mimi nirudishwe chini.

Lakini kuna mama mmoja, benchi ya mbele, mnene, ana kofia ya njano. Niliposema vile alijishika mdomo. Akatikisa kichwa, hivi, taratibu, kama mtu aliyechelewa basi. Kama ni mtu wa Pusey, kwa nini alinisikitikia? Wenzake nao walitazamana. Kila usiku namuona.

Wewe unajua watu wote wa wilaya hii. Walikuwa ndugu zake Garnet, sivyo? Niambie tu.

Wako,
Odane


Pisgah Rise,
11 Novemba 2018

Odane mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya Septemba ilinifikia, ilichelewa wiki moja. Si neno. Nimefurahi kusikia kitanda, na dawa uzimalize hata ukijiona mzima.

Renique ameanza chekechea. Siku ya pili alimng'ata mtoto wa mchungaji. Nilikwenda kuomba radhi, mchungaji akasema mwanawe alianza, kwa hiyo tukaombana radhi wote na kunywa chai. Mbaazi zimeanza kukomaa, Krismasi tutakuwa nazo. Chumba chako kimekwisha rangi, nimechagua bluu. Jodian aliniuliza kama aendelee na zile Jumamosi zake, maana alikuja hapa akalia sana siku moja, nikamwambia aendelee na asikose hata moja. Anakusalimu.

Umeniuliza kuhusu wale watu. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikapika, nikaosha vyombo, nikarudi nikaisoma tena. Nilikaa nayo siku kadhaa. Unajua mimi ni mtu wa kujibu ninachoulizwa.

Ndiyo, mwanangu. Walikuwa ndugu zake Garnet. Walikodi lori wakaja wote, na wa ng'ambo pia. Yule mama wa kofia ya njano ni mdogo wake mama yake Garnet, ana moyo mwepesi, kila msiba yeye ndiye wa kwanza kulia, hachagui wa nani. Usimuwaze.

Juri hawakuja siku ile. Hata mmoja. Ulifanya vizuri kutowangoja.

Lala sasa.

Shangazi yako,
Icilda